Triathloni ya hisani, wiki 12: bwawa, ziwa au timu ya watu watatu?

MwalimuWaNyalenda
Hamjambo nyote. Nimejiandikisha kwa triathloni ya hisani, na michango yote itanunulia wodi ya watoto njiti mashine za kuwapa joto. Mpwa wangu alilazwa wodi hiyo wiki tano, kwa hivyo sitaki kuishia njiani. Ni kuogelea mita 400, baiskeli kilomita 20, kisha mbio kilomita 5. Kukimbia nimezoea, kila jioni nazunguka Milimani hapa Kisumu. Tatizo ni maji: nikikata upana wa bwawa mara moja natweta. Baiskeli sina.

Naona njia tatu. Nilipie bwawa la hoteli, nifanye mazoezi alfajiri ziwani Dunga bila malipo, au tuingie timu ya watu watatu, mimi nikimbie tu. Na baiskeli je, niazime ile nyeusi ya mzigo ya jirani au nitafute ya gia ya mitumba?

MtotoWaDunga
Mwalimu, mimi nimekulia ufuoni na baba ni mvuvi. Ziwani usijifunzie. Usiku viboko hutoka kula majani, alfajiri wanarudi majini, saa ile ile unayotaka kuingia wewe. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani na mawimbi yanaanza kukupiga usoni. Magugu nayo husukumwa na upepo: leo pweupe, kesho pamefungwa. Wanaojua kuogelea tayari huenda na mtumbwi pembeni, lakini wewe bado.

Muuguzi_Kakamega
Hata kwa mtumbwi pembeni, ningekataa. Kichocho kipo Ziwa Victoria. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu, na kujipangusa taulo haraka si kinga ya kutegemea. Dawa yake, praziquantel, inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga hainaswi vizuri. Ndiyo maana mtu aliyeingia ziwani mara moja huambiwa asubiri wiki sita hadi nane kabla ya kumeza. Wewe una wiki 12 zote za kuingia na kutoka majini. Unachookoa kwa kutolipia bwawa utakilipa kwa tumbo.

MamaPacha_Ksm
Dada yangu (au kaka, nisamehe), mimi nilianza hapo hapo ulipo. Bwawa, bila kusita. Lakini usikimbilie kuhesabu mizunguko. Mimi nilipoteza mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nabana pumzi, nikiinua kichwa nataka kutoa hewa na kuvuta kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kutweta kunakotoka, si kwamba mapafu yako ni dhaifu. Shika ukingo, tia uso majini, toa hewa yote kwa pua mpaka uone mapovu yamekwisha, kisha geuza kichwa pembeni uvute. Fanya hivyo mara ishirini kabla ya kuogelea lolote. Siku nilipoielewa hiyo, nilivuka bwawa mara nne mfululizo nikabaki nimeshangaa ukingoni.

Bwawa la mita 20 linataka mivuko 20. Wiki ya nane ikifika hujamaliza hiyo bila kusimama, hapo tafuta timu. Si aibu hata kidogo, mchango ni ule ule. Ila usianzie hapo, maana utakuwa umejinyima kabla ya kujaribu.

FundiGurudumu
Kwenye baiskeli nitasema wazi: ile nyeusi iache kwa jirani. Ni nzito, haina gia, na breki zake za vyuma zilitengenezwa kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia. Tafuta ya gia ya mitumba, hata ya milimani yenye matairi manene. Izungushe rimu uone kama inayumba, vuta cheni uone kama imelegea, kisha kaa: kisigino kikiwa kwenye pedali iliyo chini, goti liwe limenyooka. Wengi hukaa chini mno wakamaliza magoti. Na kofia ngumu inunue mpya. Siku ya mashindano unaifunga kidevuni kabla hujagusa baiskeli, la sivyo unaadhibiwa.

MbioZaJioni
Barabara: ya Ahero ni tambarare, ila malori ya Nairobi ni mengi, nenda Jumapili alfajiri. Ya Maseno inapanda kuanzia Kisian, iache kwanza. Na usiamini mbio zako za Milimani. Ukishuka baiskeli miguu inakuwa ya mti. Mara moja kwa wiki, endesha, shuka, kimbia dakika kumi papo hapo bila kukaa.

MamaPacha_Ksm
Hilo la mwisho ni kweli tupu. Dakika tano za kwanza utadhani miguu si yako, halafu inarudi.

MwalimuWaNyalenda
Mimi ni kaka, mama pacha, na sijakasirika. Nimeamua: bwawa mara tatu kwa wiki, timu nitaifikiria wiki ya nane, na Jumamosi naenda na rafiki soko la Kibuye kukagua baiskeli ya gia. Ile hesabu ya mapovu nimeijaribu leo kwenye beseni la maji nyumbani, mpwa wangu akanicheka mpaka akakaa chini. Kesho saa kumi na mbili unusu niko bwawani. Aliye na miwani ya kuogelea asiyoitumia aniandikie hapa.