MREJESHO: Maksai badala ya pawatila

Wakuu, mwaka jana niliuliza hapa kama niuze pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili) ninunue maksai (ng'ombe dume waliohasiwa, wa kulimia), maana dizeli ilikuwa inameza faida yote. Mkaniambia nisiuze kwanza, nijaribu. Asanteni sana. Pawatila ipo, imefunikwa turubai.

Nilinunua maksai wanne mnadani huku Simiyu, wawili wazoefu, wawili hawajawahi kuona nira. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwafunga wageni pamoja: walinivunjia nira na kukimbilia kwenye mtama wa jirani (nililipa). Mzee mmoja akanielekeza nimfunge kila mgeni na mzoefu, wavute gogo wiki tatu kabla ya kugusa plau. Wakatulia.

Kazi inaanza alfajiri, saa nne asubuhi nafungua. Jua likishakolea hata ukichapa ni bure. Jozi moja inanipa kama nusu ekari kwa siku.

Kilichonitesa ni chakula. Mvua za kwanza zinawakuta wamekonda kwa kiangazi, na ndipo unawahitaji wakiwa na nguvu. Safari hii nimeweka akiba ya mabua na mashudu ya pamba (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) tangu Agosti. Mmoja pia aliugua ndigana (ugonjwa unaoenezwa na kupe) nilipozembea kuwaogesha dawa ya kupe kwenye josho. Dawa ilikula hela, ila alipona.

Majaruba ya mpunga yenye maji bado nalimia pawatila. Mahindi na pamba ni maksai tu, na mkokoteni unaniingizia hela ya kubeba maji na matofali.

Swali jipya: nani ana jembe la palizi la kukokotwa, anauzaje?