Naomba ushauri: besi za softiboli zinang'oka mchangani, Malindi

Salaam wanamichezo wa pwani. Tunatengeneza kiwanja cha softiboli (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, kisha kukimbia kupitia besi nne, yaani vituo vya kukanyaga) hapa Malindi, kiwe cha mtaa mzima: wasichana, vijana, hata kina mama jioni. Mchezo huu unafaa sana mtaani, kwa kuwa kila anayeingia kwenye orodha ya wapigaji ana zamu yake, hafichwi na mwenye nguvu.

Vipimo si tatizo. Tunavuta mita 25.86 kutoka besi ya nyumbani hadi ya pili, kisha tunashikiza kwenye besi hizo mbili ncha za kamba ya mita 36.58, ncha moja kila besi. Ukiikamata katikati na kuikaza kulia, unapata besi ya kwanza. Kushoto, ya tatu. Mrushaji wa kike husimama mita 13.11 kutoka besi ya nyumbani, wa kiume 14.02.

Shida ni mchanga. Vigingi vya sentimita 30 havishiki kabisa. Mkimbiaji akikanyaga ukingo wa besi kwa kasi, upande wa pili hunyanyuka, kigingi hutoka, na kifundo cha mguu ndicho kinachoumia. Besi ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, ingawa tumeiweka pacha: nusu nyeupe ya mlinzi, nusu ya chungwa ya mkimbiaji, wasigongane.

Je, tuzike gogo la mkoko au zege lenye bomba katikati? Chuma huliwa na chumvi, na zege likichomoza juu ni hatari. Aliyechanganya udongo mwekundu na mchanga, alitumia ndoo ngapi kwa ngapi, usigeuke tope masika? Na chokaa ya mistari mnaizuiaje isipeperushwe na kusi?