Tupeane uzoefu: Ulipiga Windows upya, mafaili yako yalibaki au yaliondoka?

Mleta mada, Dodoma
Habari zenu wakuu. Laptopu yangu ilikuwa inachukua karibu nusu saa kuwaka, nikaipeleka kwa fundi. Akaniambia, "Mwalimu, nakupigia Windows mpya, D haiguswi." Kweli D, ile sehemu ya pili ya diski, hakuigusa. Lakini miaka 6 yote maandalio ya masomo, maksi za wanafunzi na picha za marehemu baba nilikuwa naviweka Deskitopu, na Deskitopu iko ndani ya C, sehemu yenye Windows yenyewe. C imefomatiwa, yaani imefutwa yote. Tangu juzi usingizi hauji. Mliowahi kupiga Windows na vitu vyenu vikabaki, mlifanyaje?

Fundi wa mtaani, Mwanza
Pole sana mwalimu. Kwanza izime, usiingize kitu kingine humo. Diski ni ile ya kuzunguka au SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani? Ya kuzunguka bado ina matumaini. SSD ikishafomatiwa, mara nyingi ndiyo basi.

Mimi mteja akija namuuliza vitu vyake viko wapi, halafu simtegemei kwa jibu lake. Naangalia mwenyewe Deskitopu, Documents, Downloads. Kama Windows bado inawaka, hakuna sababu ya kuiwasha kompyuta kutokea kwenye flashi. Ingia ndani ya Windows hiyohiyo, chomeka flashi yenye Windows ya lugha ileile, fungua "setup", chagua kubakiza mafaili na programu. Inajisuka upya, na mtu anakuta kila kitu chake mahali pake, hadi picha ya skrini.

Ikigoma kuwaka ukalazimika kuanzia kwenye flashi, usifomati ile patisheni (sehemu ya diski) yenye Windows. Windows ya zamani itasogezwa kwenye folda ya Windows.old, na vitu vyako vitakuwa humo ndani ya Users. Vitoe haraka, maana baada ya siku 10 hivi mfumo huifuta wenyewe.

Mhasibu, Mombasa
Mimi nilitumia Reset, ile ya ndani ya Windows yenyewe, nikachagua "Keep my files", nikajua nimemaliza. Mafaili yalibaki kweli, lakini programu zote nilizokuwa nimejiwekea zilitoka. Deskitopu nikakuta orodha ya majina yao tu. Ya mahesabu niliirudisha ikiwa tupu, kwani data yake haikuwa kwenye Documents, ilikaa kwenye folda ya programu yenyewe. Nikarudia kuingiza risiti za miezi mitatu kwa mkono. Mwenye programu ya kazi, atoe bakapu kutoka ndani ya programu hiyo kabla ya kugusa chochote.

Mdau, Nakuru
Naongezea BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Laptopu yangu ilikataa kuwaka, nikaanzisha Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) ya kwenye flashi ili ninakili vitu, nikakuta diski imefungwa. Inadai ufunguo wa tarakimu 48 na mimi sikujua hata kama upo. Niliukuta kwenye akaunti yangu ya Microsoft, nikiingia kwa simu. Ndugu zangu, uandikeni kwenye karatasi leo, laptopu ikiwa bado nzima.

Mwanafunzi, Morogoro
Natumia Ubuntu, aina ya Linux. Mara ya kwanza kuiweka niliitengea /home, folda yenye vitu vyote vya mtumiaji, patisheni yake. Nikiweka mfumo upya nafomati ile ya mfumo tu, /home naielekeza ilipo bila kuifomati, naandika jina lilelile la mtumiaji. Mipangilio imo kwenye mafaili yaliyofichwa yanayoanza na nukta, kwa hiyo Firefox inafunguka na alamisho zangu zote. Programu ndizo naweka upya, kazi ya jioni moja.

Fundi wa mtaani, Mwanza
Hilo la mafaili yaliyofichwa hata Windows lipo. Folda ya AppData haionekani mpaka uruhusu, na alamisho za Chrome ziko humo. Wengi wananakili Documents wanaiacha hiyo.

Mleta mada, Dodoma
Wakuu, naleta mrejesho. Diski ni ya kuzunguka. Niliizima kama nilivyoelekezwa, kijana mmoja hapa akaichomoa, akaiunganisha kwenye kompyuta yake, akaendesha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutika, usiku kucha, mafaili yakimiminikia diski nyingine. Majina yote yamepotea, kila faili ni herufi na namba ndefu, nafungua moja moja. Maandalio mengi hayafunguki. Maksi za kidato cha nne nimezipata. Picha za baba mpaka sasa nimeona 3, moja amesimama mlangoni kwetu na baiskeli yake. Bado naendelea kufungua.