SSDI (bima ya ulemavu ya serikali ya Marekani) imekataliwa: rufaa tu, rufaa na kazi kidogo, au ombi jipya?

BintiNyeri (Minnesota)
Wadau, habari za huko. Mimi ni CNA, msaidizi wa wauguzi. Mgongo uliharibika nikimgeuza mgonjwa kitandani, na tangu hapo diski za kiunoni hazijatulia. Niliomba SSDI, barua imekuja: nimekataliwa. Wanakubali siwezi tena kazi yangu, ila wanasema kuna kazi nyepesi ninazoziweza. Sasa kuna makao ya wazee wananitaka mapokezi, siku tatu kwa wiki, kushika simu na kuandikisha wageni. Nikate rufaa nikae nyumbani nisubiri? Nikate rufaa huku nafanya hizo siku tatu? Au niachane nayo, niombe upya nikishapata karatasi nzuri za daktari? Mwenye nyumba hangoji.

MzeeWaDallas
Hiyo ya mwisho ifute, dada. Ukiomba upya unapoteza tarehe ya ombi la kwanza, na SSDI hairudi nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya ombi. Tena kinga ya bima yenyewe ina mwisho: kwa watu wengi, ukiacha kukatwa makato ya Social Security (hifadhi ya jamii) kwenye mshahara, inabaki kama miaka 5 tu. Rufaa una siku 60 tangu upokee barua, na wao wanahesabu umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Kwanza faili linaangaliwa upya na mtu mwingine, wakikataa tena unaomba kusikilizwa na hakimu. Mimi ningetulia nyumbani mpaka huko.

Kipepeo_OH
Mzee, atulie anakula nini? Kufanya kazi hakukatazwi, kinachoangaliwa kwanza ni kiasi unacholipwa. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa dola 1,620 kwa mwezi, kabla ya kodi. Dada, watakulipa ngapi?

BintiNyeri
17 kwa saa, saa 6 kwa siku.

Kipepeo_OH
Hiyo ni 306 kwa wiki, kama 1,325 kwa mwezi. Uko chini. Lakini mwezi wa wiki tano unagusa 1,530, na kwa mpaka huo wa 2025 shifti moja tu ya kumsaidia mwenzio ingekupitisha. Sote tunajua hizi kazi: mtu hajafika, simu inaita, "tafadhali njoo". Usiende. Na atakayekwambia una miezi 9 ya kujaribu kazi, ulipwe mshahara wowote bila kupoteza SSDI, mwambie hiyo ni ya aliyekwisha kubaliwa. Wewe bado.

MzeeWaDallas
Hesabu sibishi. Nabishia kazi yenyewe. Barua imesema anaweza kazi nyepesi, naye anakwenda kukaa mapokezi, kazi nyepesi hiyohiyo! Hakimu atauliza: kama saa 6 anaweza, 8 zinamshinda nini? Dada, samahani, una miaka mingapi?

BintiNyeri
46.

MzeeWaDallas
Ndiyo maana nasema. Ukifika 50 kanuni zinalegea kwa mtu aliyezoea kazi za nguvu. Chini ya hapo wanakuona unaweza kuhamia kazi ya kukaa.

Safi_wa_Uvira (Iowa)
Jambo bandugu. Mimi nilikuwa kiwanda cha nyama, mabega yote mawili. Nilijaribu kurudi rufaa ikiendelea, kazi ikanishinda kabla ya miezi 6. Wakili aliiwasilisha kama jaribio lililoshindikana, haikunihesabia vibaya. Kilichosaidia ni barua ya msimamizi, aliandika kwamba walinipa mapumziko ambayo wengine hawakupewa. Kwa hiyo dada, kama hao watakuruhusu kusimama au kulala kidogo, iwe kwenye maandishi.

Na mkalimani mbele ya hakimu ni bure, usipeleke mtoto wako. Ila msidanganywe kwamba kutojua Kiingereza kunakuongezea nafasi. Zamani kulihesabiwa, kanuni hiyo iliondolewa 2020.

Mtaalamu_wa_Fomu
Mnabishania kazi, mimi naona wengi wanaangukia kwenye fomu ya shughuli za kila siku. Wanauliza, unapika? Mkenya na heshima zake anajibu "ndiyo". Kwisha. Andika ilivyo: uji nachemsha nimeegemea meza, ugali siwezi kusonga, anasonga kijana wangu, na nikimaliza kuosha vikombe lazima nilale. Na daktari asiandike tu "ana maumivu ya mgongo". Aandike unakaa dakika ngapi kabla ya kusimama, unanyanyua kilo ngapi, ungekosa kazi siku ngapi kwa mwezi.

Halafu hakuna aliyekuuliza: uliumia kazini, ulidai fidia ya mwajiri? Ule ni mfuko mwingine kabisa, ingawa ukipata vyote viwili SSDI inaweza kupunguzwa.

BintiNyeri
Fidia walilipa matibabu tu, nitafuatilia. Nimeamua: rufaa naituma wiki hii, na hao wa mapokezi nawaomba siku mbili badala ya tatu, kiti cha kupanda na kushuka, ruhusa ya kusimama kwa maandishi. Nikishindwa nitaacha. Wakili naye, napata wapi pesa?

MzeeWaDallas
Siku mbili sawa, hapo nimekuelewa. Ada ya wakili hukatwa kwenye malimbikizo (pesa za miezi ya nyuma) ukishinda: kwa mkataba wa kawaida ni 25%, na kikomo mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Muulize tu kabla ya kusaini kama gharama za kutoa faili hospitali ni juu yako.