Kigari cha gofu kwa wazee wawili wa Raskazone: cha umeme au cha petroli?

Mwalimu_Raskazone

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68, nakaa Raskazone hapa Tanga. Kwa miaka 31 nilikwenda kazini kwa baiskeli, maana mji wetu ni tambarare na baiskeli ndiyo miguu ya watu hapa. Sasa goti la kulia limekataa. Mzee wangu ana miaka 76, na tangu apate kiharusi mwaka juzi mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Kliniki yake iko hospitali ya Bombo, si mbali na kwetu, lakini kwa miguu hawezi. Bajaji inamtaabisha kuipanda: lazima ainame ajipinde, na vijana wengine wanaondoka kabla hajakaa sawa. Siku moja alirudi nyumbani akaniambia, "Mke wangu, mimi nimekuwa mzigo wa gunia." Neno lile sijalisahau.

Kuna hoteli moja huku mwambao inauza vigari viwili vya gofu vilivyotumika. Sakafu yake iko chini, mlango hakuna, mzee anakaa tu kama anakaa kitandani. Kimoja ni cha umeme, volti 48, betri 6. Cha pili ni cha petroli. Vyote usukani uko kushoto. Fundi wa pale ananisukumia cha petroli, anasema akilegeza gavana, kile kifaa kinachozuia mwendo usizidi, kitakimbia hadi kilomita 45 kwa saa, "usiwe kero barabarani, mama."

Nitakuwa naendesha mwenyewe. Leseni ya gari ninayo, ingawa gari niliuza zamani. Safari ni Bombo, dukani, jioni kumpeleka mzee akapunge upepo wa bahari. Mara mojamoja soko la Mgandini. Nichukue kipi, na mwendo gani ni salama? Fedha hii ni ya kiinua mgongo, sina nyingine ya kurekebishia makosa.

FundiBetri_Ngamiani

Shikamoo Mwalimu.

La kwanza: gavana asiiguse mtu. Kigari cha gofu kikitoka kiwandani kinakwenda kilomita 19 hadi 24 kwa saa, na kila kitu chake kimepimwa kwa mwendo huo. Vingi vina breki za magurudumu ya nyuma tu. Magurudumu ni madogo, kimo chake ni kirefu kuliko upana wake. Ukitoka 24 ukaenda 40, nguvu ambayo breki inatakiwa kuizima haiongezeki mara mbili, inakaribia mara tatu. Breki ni zilezile. Anayekushauri hivyo haitakii mema nyonga ya mzee wako.

La pili: kwa safari zako, chukua cha umeme. Petroli ina faida kwa anayezunguka kutwa nzima. Wewe unakwenda kidogo, unapaki siku tatu. Petroli ikikaa kwenye kabureta inaacha utando kama gundi, siku ya kliniki unakanyaga mafuta kigari hakiwaki. Tena cha petroli usikiwashe ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu bila kumshtua.

Sasa betri, hapa ndipo watu wanapoliwa. Betri 6 za volti 8 ndizo zinazotoa 48. Waambie wazichaji usiku kucha, wazitoe kwenye chaja, zipumzike saa kadhaa bila kuguswa. Uende na fundi mwenye mita, apime moja moja. Betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 8.5. Tano zikisoma 8.4 na moja ikasoma 7.9, hiyo moja itazivuta wenzake kaburini. Kisha mpande watu wawili, mwende kilomita 5 hivi, mpime tena palepale. Isiyofaa haijifichi baada ya mzigo. Angalia pia tarehe: aina nyingi zina herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye kichwa cha betri, A ni Januari, B Februari, namba ni mwaka. Betri za maji zikitunzwa zinafika miaka 4 hadi 6, na joto letu linazipunguzia. Kama zina miaka minne, bei aliyokutajia si bei, maana utanunua seti nyingine mwakani. Seti ya betri ndiyo roho ya bei ya chombo hiki.

Dereva_Kange

Mwalimu mimi naendesha bajaji, na ninakuomba radhi kwa niaba ya hao walioondoka kabla mzee hajakaa.

Kwenye umeme napingana kidogo na fundi. Umeme ukikatika siku mbili utafanyaje? Petroli iko kila kituo.

Halafu Mgandini usiende na hicho kigari. Nyinyi mko upande wa bahari, barabara zenu zimetulia. Ukishavuka reli kuingia Ngamiani kuna bodaboda, mikokoteni, daladala, baiskeli za magunia, na kila mtu ana haraka. Mjini mwendo halali ni 50, wewe uko 20, huna ubavuni hata bati. Kwenye kipilefti hakuna atakayekungoja. Soko nitumieni mimi au kijana mwingine mnayemwamini, mkubaliane awe anamsubiri mzee akae.

FundiBetri_Ngamiani

Kaka wa Kange, hoja yako ina uzito, lakini piga hesabu. Betri za ampia-saa 150 mara volti 48 ni kama uniti 7 za umeme. Betri za maji usizinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo ana uniti tatu na nusu za kutumia. Kwenda Bombo na kurudi hazimalizi hata robo ya hizo. Umeme ukikatika Jumatatu, Jumatano bado anatembea.

Mwalimu, chaji kila siku unayotembea, usingoje iishe. Chajia kibarazani penye upepo, betri hizi zikichajiwa zinatoa hewa inayoshika moto, kwa hiyo jiko la mkaa likae mbali. Maji ongeza baada ya kuchaji, si kabla, na yawe maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke wake, yale ya dukani. Ukisema tu "maji ya betri" muuzaji anaweza kukupa asidi. Soma chupa. Ya bomba usitie. Na kwa kuwa uko hatua chache kutoka baharini, chumvi italamba vichwa vya nyaya. Futa kila wiki, paka grisi.

BintiKorogwe_Florida

Shikamoo mama. Mimi ni wa Korogwe, niko Florida mwaka wa tisa, nahudumia wazee majumbani. Hapa kuna mji wa wastaafu unaitwa The Villages, kaskazini magharibi ya Orlando. Wazee wa huko wanakwenda na vigari hivi kanisani, dukani, kwa daktari. Wametengenezewa njia zao pembeni ya barabara, kilomita 160 hivi. Sheria ya jimbo inahesabu kuwa ni kigari cha gofu kile kisichozidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Kikizidi hapo hadi maili 25, kinahesabiwa chombo kingine: lazima kisajiliwe, kiwe na mikanda, kioo cha mbele, indiketa, vioo vya kutazamia nyuma, breki ya mkono. Kwa hiyo hata huku kwenye njia zao wenyewe, mwendo ukipanda na vifaa vinapanda.

Nimeuguza watu watatu walioumia na vigari hivi. Hakuna hata mmoja aliyegongana na mtu. Wote walidondoka. Kigari kinakata kona kushoto, abiria wa kulia anatupwa nje kama embe, kichwa kinatangulia. Walikuwa wanakwenda mwendo wa baiskeli. Mmoja alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mkono ambao ungeshika chuma cha pembeni.

Na kwenu ni hatari zaidi, nimeiwazia sana hii tangu nisome swali lako. Usukani uko kushoto, baba atakaa kulia. Huku tunapita kulia, kona ya kushoto ni pana. Nyumbani tunapita kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto ndiyo fupi na kali. Kila ukikata kushoto, baba anasukumwa kulia, na upande huo ndiko gari zinakopita. Mama, usiende hata siku moja bila mkanda kwake. Kama kigari hakina mikanda, fundi aifunge kwenye fremu ya chuma, asiifunge kwenye kiti.

Mwalimu_Raskazone

Wanangu, nimesoma nikanyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimeuliza mafuta na mwendo, kumbe la kuogopa lilikuwa kona.

Leo asubuhi nimekwenda na fundi wa mtaani. Betri tano zimesoma 8.4, ya sita 8.1. Baada ya kuzunguka, ile ya sita imeshuka 7.6. Nimewaambia nakitaka cha umeme, lakini kwenye bei yake watoe gharama ya seti nzima ya betri mpya, maana nimeambiwa mpya moja kati ya kuukuu haidumu. Wameomba hadi Ijumaa. Trafiki na TRA, watu wa mapato, nitakwenda mwenyewe kuuliza usajili na bima kabla ya kutoa shilingi moja. Mgandini nimeifuta. Dereva wa Kange, naomba uniandikie faragha namba yako.

Binti yangu wa Korogwe, swali moja tu. Mkono mzima wa mzee ni wa kulia. Je, hiyo inasaidia au nimkalishe kiti cha nyuma?

BintiKorogwe_Florida

Inasaidia mama. Chuma cha pembeni kiko kulia kwake, ndiko mkono wenye nguvu ulipo. Nyuma usimkalishe, hasa kile kiti kinachotazama kinyume: ukikanyaga mafuta ghafla anadondoka kifudifudi, nawe huoni. Mkanda kwanza, mkono kwenye chuma, miguu yote miwili ndani. Ukikaribia kona mwambie, "Baba, tunakata kushoto," halafu ngoja akujibu ndipo ukate.

Mwalimu_Raskazone

Nimemsomea. Amesema atakuwa anajibu "haya."