Mchoro wa mfumaji wa Kilwa: gurudumu liwepo?

Mchoraji_Mikindani: Wakuu, nachora ukutani hapa Mtwara wafumaji wa Kilwa Kisiwani ya kale. Gurudumu la kusokotea nyuzi nimeliiga kwa Velázquez, mchoraji wa Kihispania. Liko sawa?

KigaeLindi: Lifute, mkuu. Hiyo ni Hispania ya miaka ya 1650. Kilwa vimefukuliwa vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa. Ndivyo vilivyokuwa uzito wa kijiti cha kusokotea. Tundu liwe katikati kabisa. Likienda pembeni kijiti hupepesuka, uzi unakuwa mnene hapa, mwembamba pale, kisha unakatika. Na pamba ina nyuzi fupi, kwa hiyo kigae kiwe chepesi.

Mshindio: Kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia, nacho angalia ukikiiga kwenye picha za kale. Kaburi la Khnumhotep II, mkubwa wa Misri ya kale, huko Beni Hasan, linakionyesha kama kimesimama. Wengi hunasa hapo! Mchoraji wa Misri alikichora kana kwamba anakitazama kutoka juu. Chenyewe kililazwa chini, kwa vigingi vinne. Kisanamu cha mbao cha karakana ya wafumaji, kutoka kaburi la Meketre, mkubwa mwingine wa Misri, kinathibitisha. Kilichosimama kweli ni kile alichokichora Mchoraji wa Amasis kwenye chupa ya Kigiriki, kama 550 K.K.: mtande (nyuzi za urefu) unaning'inia na vizito, kitambaa kinaanzia juu. Vizito visipolingana, nyuzi nyingine hulegea na kitambaa huenda upogo.

Mchoraji_Mikindani: Basi nalaza. Mfumaji akae wapi?

Mshindio: Achuchumae pembeni, mshindio (uzi wa kupitisha kukata mtande) mkononi. Mtande uchore umekaza.