MJADALA: Kuzibana benki zisikopeshe bomba la Hoima–Tanga kumemfaa nani?

Mleta_Mada

Wadau, bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki (EACOP) lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 296 ziko Uganda, 1,147 ziko kwetu Tanzania, zikikatiza mikoa 8. TotalEnergies ina hisa asilimia 62, UNOC (kampuni ya mafuta ya taifa ya Uganda) 15, TPDC (shirika letu la mafuta la taifa) 15, CNOOC (kampuni ya mafuta ya China) 8. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022.

Wanaharakati wamezifuata benki na kampuni za bima moja baada ya nyingine, wakizitaka zikae kando. Nyingi zimekubali, na Standard Chartered ilisema mwaka 2023 kwamba haitashiriki. Hata hivyo Machi 2025 awamu ya kwanza ya mikopo ilikamilika kwa fedha za Afreximbank, Standard Bank, Stanbic Uganda, KCB Uganda na ICD, tawi la sekta binafsi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu.

Msimamo wangu: kampeni hii imeiumiza TPDC na wanavijiji kuliko ilivyoiumiza TotalEnergies. Anayepinga aje na hesabu.

Mizania

Naunga mkono nusu ya hoja. Kwa wepesi, tuseme mradi unagharimu dola bilioni 5. Mpango wa awali ulikuwa mkopo asilimia 60 na mtaji wa wanahisa asilimia 40. Kwa mpango huo wanahisa wanachanga bilioni 2, na asilimia 15 ya TPDC ni dola milioni 300. Mkopo ukipungua hadi nusu ya gharama, mtaji unapanda hadi bilioni 2.5 na TPDC inadaiwa milioni 375. Mkopo ukikosekana kabisa, ni milioni 750.

Mwenye asilimia 62 analipa zaidi kwa jumla, hilo halina ubishi, lakini ana hazina ya kampuni inayouza mafuta dunia nzima. TPDC inachota kwenye mfuko unaogombewa na shule na zahanati. Kila benki iliyojitoa imeongeza mzigo huo.

Nusu nisiyoiunga mkono ni ya wanavijiji. Huko hujathibitisha chochote.

Bonde_la_Ziwa

Mkuu Mizania, hesabu yako ni sahihi ila imeanzia katikati. Ianzie kwenye pipa lenyewe.

Pipa 1 la mafuta ghafi likichomwa hutoa takriban kilo 430 za kaboni dioksidi. Bomba likipitisha mapipa 216,000 kwa siku, kwa siku 365, ni karibu mapipa milioni 79 kwa mwaka. Zidisha kwa 0.43 upate tani milioni 34. Hiyo ndiyo namba iliyomo kwenye mabango ya kampeni, na yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuihakiki. TotalEnergies yenyewe hunadi takriban kilo 13 kwa pipa kwa uchimbaji na bomba. Namba zote mbili ni za kweli, ila ya pili inahesabu kuchimba na kusafirisha tu, na kuchoma inamwachia mnunuzi. Mtu akisimama jukwaani na kusema "mradi wa kaboni ndogo", aulizwe: mnahesabu mpaka hatua gani?

Na TotalEnergies wasituambie hawakujua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba jarida la Total yenyewe lilieleza mwaka 1971 jinsi kuchoma mafuta kunavyopandisha joto la dunia. Kwa miaka 50 wamekuwa na taarifa hiyo mkononi. Kuwafuata wanaowakopesha ni njia halali kabisa.

Mleta_Mada

Tani milioni 34 ni za mwaka wa uzalishaji wa juu, ndugu yangu. Visima hupanda, hukaa kileleni miaka michache, kisha hushuka. Ukizidisha namba ya kilele kwa miaka yote ya mradi unajidanganya, na upande wa pili utakuumbua kwa hilo moja tu.

Bonde_la_Ziwa

Nakubali. Namba ya kilele isizidishwe kwa miaka 25. Ila namba hiyo haishuki hadi ikawa ndogo.

Fundi_Pampu

Nyote mnazungumzia fedha na hewa, kuna chuma hapo katikati. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Kwenye joto la kawaida la ardhi yanaganda, kwa hiyo yanatakiwa yasafiri yakiwa na joto la nyuzi 50 hivi mwanzo hadi mwisho. Ndiyo sababu bomba la inchi 24 limevikwa povu la kuzuia joto na ganda la plastiki juu yake (kazi inayofanyika kiwandani Sojo, wilaya ya Nzega), likawekewa na nyaya za umeme za kulipasha. Pampu zimekaa vituo 6, viwili Uganda na vinne Tanzania.

Kinachoharibu bomba la aina hii ni kusimama. Umeme ukikatika au pampu zikizimwa, povu linashikilia joto kwa muda, kisha mafuta yanaanza kuwa mazito kutokea ukutani mwa bomba kwenda ndani. Ukiyasukuma yakiwa yameanza kuganda, unahitaji presha kubwa kuliko ile ya kawaida, na presha hiyo ndiyo hutafuta mahali palipochomelewa vibaya. Utaratibu sahihi ni kupasha kwanza, kipande kwa kipande, ndipo usukume. Mwendeshaji mwenye haraka ya kufikisha mzigo bandarini ana kishawishi cha kuruka hatua hiyo.

Sasa uvujaji. Kilomita 1 ya bomba hili hubeba takriban mapipa 1,600. Mfumo wa kulinganisha kinachoingia na kinachotoka hauoni vizuri tofauti iliyo chini ya asilimia 1 hivi ya mtiririko. Asilimia 1 ya mapipa 216,000 ni mapipa 2,160 kwa siku, yanayoweza kupotea huku chumba cha udhibiti kikiona mambo shwari. Ndiyo maana unahitajika mkongo wa nyuzi za kioo (fibre optic) unaolala mtaroni kandokando ya bomba: mafuta ya nyuzi 50 yakigusa udongo wa nyuzi 25, mkongo unasoma badiliko la joto na kuonyesha eneo. Karibu kilomita 460 za njia hii zimo kwenye bonde la Ziwa Victoria. Mwanaharakati anayetaka kumbana mtu aombe ripoti za majaribio ya mkongo huo: ulijaribiwa kwa uvujaji wa kiasi gani, ukachukua dakika ngapi kuugundua, kwenye udongo mkavu au uliojaa maji. Kwenye udongo wa majimaji joto hutawanyika upesi na ishara hufifia, na ni huko huko kwenye majimaji ambako uvujaji una madhara makubwa zaidi.

Sijaona bango lolote lenye swali hilo.

Mthamini_Ardhi

Nirudi kwa wanavijiji, maana Mleta_Mada amewataja na kuwaacha.

Mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, una upana wa mita 30. Kwa urefu wa kilomita 1,147 hiyo ni hekta 3,441 upande wa Tanzania, bila kambi na vituo. Ukiigawa kwa kaya, wengi wamekatwa kipande tu cha shamba. Kwa sheria yetu, Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia, anayepisha hulipwa thamani ya ardhi, mazao na majengo. Posho ya usumbufu. Posho ya usafiri ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Posho ya makazi ya miezi 36 kama nyumba imechukuliwa. Na faida iliyopotea ya miezi 36 kama kulikuwa na biashara.

Matatizo huanzia kwenye mambo madogo. La kwanza ni tarehe ya ukomo. Ikishatangazwa, mtu haruhusiwi kuongeza mazao ya kudumu wala jengo kwenye kipande kile. Hapa uthamini ulifanyika mwaka 2018 na malipo yakaanza miaka kadhaa baadaye. Muda wote huo shamba linazeeka, bei ya ardhi ya jirani inapanda, na familia haijui ipande muhogo au ihame. La pili ni umri wa mti: mwembe uliorekodiwa kama mche ukaanza kuzaa kabla ya malipo unalipwa kama mche. La tatu ni kipande kinachobaki. Bomba likipita katikati ya ekari moja na nusu, pembe mbili zinazobaki huenda zisitoshe kulimwa, na mwenye shamba asipodai kipande hicho kabla ya kutia saini, hakihesabiwi.

La nne ndilo linalogusa mada. Katika uthamini wa nyumba hapa kwetu ni kawaida kukata uchakavu. Nyumba ya tofali za tope ya miaka 15 inalipwa kama kitu kilichochoka, na fedha hiyo haijengi nyumba nyingine. Viwango vya IFC (tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi), kile cha namba 5, vinakataza kukata uchakavu na vinataka gharama kamili ya kujenga upya. Mradi ulikubali kufuata viwango hivyo, ndiyo maana waliopoteza makazi walipewa uchaguzi wa kujengewa nyumba mbadala badala ya fedha. Wakopeshaji wakubwa ndio wanaodai viwango hivyo viwepo.

Mleta_Mada

Umenipa silaha, mthamini. Basi benki zenye masharti magumu zikifukuzwa, masharti yanaondoka nazo.

Mthamini_Ardhi

Soma tena, mkuu. Masharti yaliingia kwa sababu kampuni ilitaka kukubalika kwa benki hizo, na benki ziliuliza maswali kwa sababu kuna watu waliokuwa wakizipigia kelele. Ukiiondoa kelele tangu mwanzo, hata nyumba mbadala zisingekuwepo. Ila baada ya benki kujitoa, nani anamtuma mkaguzi huru shambani? Hapo nakubaliana na wewe. Standard Bank imo kwenye Kanuni za Ikweta (kanuni za hiari za benki kuhusu mazingira na jamii), zinazodai mkaguzi huru kwa miradi mikubwa ya namna hii. Kelele ielekezwe huko sasa: ripoti za mkaguzi zitolewe hadharani, kwa Kiswahili, na zifike ofisi za vijiji.

Kanzu_Nyeusi

Niongeze la mahakamani, kwa kuwa harakati zimepoteza nguvu nyingi huko kwa makosa ya utaratibu.

Kesi ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilifunguliwa Novemba 2020. Novemba 2023 ikatupwa bila kusikilizwa hoja za msingi, kwa sababu ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi 2 tu tangu kitendo kifanyike au mlalamikaji akijue. Makubaliano ya Uganda na Tanzania kuhusu bomba yalisainiwa mwaka 2017. Mwenye nia ya kupinga mkataba wa namna hii aweke wakili tayari siku ya utiaji saini, asisubiri tathmini ya mazingira ikamilike.

Kesi ya Paris dhidi ya TotalEnergies ilitumia sheria ya Ufaransa ya 2017 ya wajibu wa uangalifu, inayozitaka kampuni kubwa zizuie madhara ya shughuli zao kwa watu na mazingira. Hati ya onyo ilitumwa 2019. Hadi kesi inasikilizwa hoja zilikuwa zimebadilika sana kutoka zile za onyo, na Februari 2023 mahakama ikasema haiwezi kuipokea. Kushindwa kwa namna hiyo kunauma, maana ushahidi haukupimwa kabisa. Hoja mpya zikipatikana, hati ya onyo mpya inatakiwa kwanza.

Kwetu kuna mlango usiotumika ipasavyo. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji (madini, mafuta na gesi) ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inataka mikataba iwekwe hadharani. Andika barua kwa wizara, nakala kwa TEITI (taasisi inayosimamia uwazi huo), ukitaja kifungu na jina kamili la mkataba. Ukikaa kimya kwenye jina, utajibiwa kuhusu mkataba mwingine.

Bonde_la_Ziwa

Hayo yote nayachukua. Lakini hakuna hata moja linalopunguza pipa. Mkuza ukilipwa vizuri na mkongo ukifanya kazi, mafuta bado yatachomwa.

Mizania

Basi nikupe hoja ya fedha inayogusa pipa. Ada ya kusafirisha ni dola 12.77 kwa pipa. Bei ikiwa dola 50, usafiri pekee unachukua zaidi ya robo. Ikiwa 70, ni asilimia 18. Mafuta ya Ziwa Albert ni ya mbali na bahari, ya kupashwa moto, kwa hiyo bei ya dunia ikianguka ndiyo ya mwanzo kukosa faida, na TPDC itabaki na hisa za bomba lenye mafuta pungufu. Kwa kawaida mikataba ya bomba huwa na kipengele cha kulipia nafasi hata mzigo usipopita. Kama kimo kwenye mkataba huu, hatari inabaki kwa wachimbaji. Kama hakimo, au kina mwanya, hatari ni yetu. Barua ya Kanzu_Nyeusi ianze na kipengele hicho.

Mleta_Mada

Nimebadili sehemu moja ya msimamo wangu: la wanavijiji nimelitoa, mthamini amelijibu. La TPDC linabaki palepale. Fundi_Pampu, swali la mwisho kwako: majaribio ya mkongo hufanyika kabla ya kufukia au baada?

Fundi_Pampu

Mara mbili. Kabla ya kufukia wanapima kama nyuzi zimekatika popote. Baada ya kufukia wanatakiwa kuiga uvujaji wenyewe: maji ya moto yanamwagwa karibu na bomba kwa kiasi kinachojulikana, na saa inasomwa. Jaribio la pili lina gharama na ndilo hurukwa. Ombeni ripoti ya hilo la pili, yenye namba ya kilomita na tarehe.